Mlango wa Nyuma

Miaka kumi na tisa nimeonja asali ya watu
katika ghala la ushirika, nyuma ya stesheni ya Tabora.
Kijiko, maji ya uvuguvugu, kijiko kingine.
Ndoo ikifunguliwa, salamu hazijaisha
nimeshajua: hii ya mtundu,
hii ilirinwa kwa pupa, moshi umeingia,
na hii, ndugu yangu, rudi nayo,
hii haijamwona nyuki. Ni sukari iliyovishwa kanzu.

Kisha mafua ya Machi. Siku nne za kulala.
Ya tano nikaamka mzima, nikanywa chai,
nikamgombeza Kabula kwa kusahau tangawizi.
Akanitazama.
Maharage yalikuwa yanaungua jikoni
na mimi nimesimama kando ya sufuria kama nguzo.

Sisi husema kusikia harufu.
Basi niiteni kiziwi, lakini wa pua.
Nusa, nuka, nukia: ndugu watatu wa tumbo moja
walihama usiku bila kuaga.

Pale Kitete, daktari kijana, Sizya,
alinichorea kichwa changu nyuma ya boksi la dawa.
"Ulimi," akasema, "ni karani mwenye mihuri mitano:
tamu, chumvi, chachu, chungu,
na ule utamu mzito wa mchuzi wa dagaa uliolala.
Mengine yote unayoyaita ladha
hupanda kooni unapotafuna,
yakaingia puani kwa mlango wa nyuma.
Huko juu pana kiraka kidogo kama stempu.
Nyuzi zake hufa, huota tena,
kama majani ya mbuga iliyochomwa. Ngoja."
"Mpaka lini?"
Akafunika kalamu.

Mlango wa nyuma niliuelewa. Kwetu Isevya
mgeni hubisha mbele;
anayekujua hupitia uani,
akakukuta na khanga kuukuu, unachambua kisamvu.
Kumbe asali ilikuwa ikinijia hivyo, kwa kuzunguka,
na mimi miaka yote nikiupa mdomo sifa.

Ghalani sikusema. Nani amlipe mwonjaji asiyeonja?
Kijiko, maji, kijiko. Tamu. Tamu. Tamu.
Nasoma anwani, barua siioni.
Kapaya akaleta ndoo tatu kutoka Ipole,
nikaandika: daraja la kwanza.
Alishukuru haraka mno.

Jioni hiyo nikaficha vichupa kwenye mkoba.
Kabula, miaka tisa, akafumba macho kizingitini.
"Hii inanukia daftari jipya."
"Hii kama bibi akifunua kapu la matobolwa."
"Hii… mama, hii haina kitu. Maji yanayonata."
Ya Kapaya.

Jumatatu nikamweleza meneja yote.
Akanihamishia kwenye mizani.
Kilo hazina harufu.

Kila asubuhi nafanya zoezi la daktari:
ndimu, karafuu, mafuta ya taa, jani la tumbaku.
Navuta. Hakuna. Navuta.
Mwezi wa saba kitu kilirudi, kikakosea nyumba:
kahawa ikanuka mpira unaoungua,
sabuni ya kuogea ikanuka beberu.
Sizya alifurahi kuliko mimi.

Jana mvua ya kwanza imepiga vumbi la barabara ya stesheni.
Watu wote wakainua nyuso, wakavuta pumzi.
Nami nikainua, kwa adabu tu.
Lakini usiku, nikitafuna tobolwa gizani
maana umeme ulikatika,
kuna aliyesogeza pazia la uani,
mwembamba, hakuvua hata viatu:
kapu la mama, likifunuliwa.

Nikaacha kutafuna ili nimsikilize.
Akaondoka.

Nikatafuna tena, haraka.